Saratani imeonekana kwenye ini, lakini ilianzia wapi?

Uvimbe uko kwenye ini. Mbona daktari anasema si saratani ya ini?
Kwa sababu saratani haibadili ukoo ikihama. Seli zilizotoka kwenye utumbo mpana zikaota kwenye ini hubaki seli za utumbo, na dawa zake ni za saratani ya utumbo. Ndiyo maana chimbuko linatafutwa.

Wanaanza na picha gani?
Kwa kawaida CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) ya kifua, tumbo na nyonga. Baada ya hapo, mahali ugonjwa ulipojitokeza ndipo panapoelekeza. Mwanamke mwenye tezi zenye saratani kwapani hupigwa mamografia (eksirei ya matiti). Isipoonyesha kitu, hufanyiwa MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya matiti. Tezi ikiwa shingoni, macho yote huelekea kooni: matonsili na shina la ulimi ni maficho mazuri mno ya uvimbe mdogo.

Na PET-CT, picha inayoonyesha mahali mwili unapotumia sukari nyingi, inafanyaje kazi?
Unachomwa sindano ya sukari iliyobebeshwa mionzi kidogo (florini-18, ambayo hupungua kwa nusu kila dakika 110 hivi), unatulia kama saa moja, kisha unaingia kwenye mashine. Saratani nyingi zina uchu wa sukari, kwa hiyo zinawaka pichani. Kabla ya hapo unafunga kula kwa saa kadhaa, maana chakula huharibu picha. Mwenye kisukari aseme mapema, wala asiache dawa zake kwa kujiamulia.

Kila panapowaka ni saratani?
Hapana, na hapa watu wengi hutishika bure. Ubongo huwaka kwa sababu unakula sukari. Kibofu, kwa sababu sukari hiyo ya mionzi hutokea kwenye mkojo. Kifua kikuu nacho huwaka. Hata kidonda kipya huwaka, ndiyo sababu kwa uvimbe wa shingoni ni vizuri PET-CT itangulie kabla ya kukata vinyama (vipande vidogo vya kupima) kooni. Picha huonyesha pa kuchukua kinyama. Jibu hutoka maabara.

Na chimbuko lisipoonekana?
Hutokea mara nyingi. PET-CT hulipata kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10 ambao vipimo vingine vimeshindwa. Huenda uvimbe wa kwanza ni mdogo mno, au mwili umeshaufuta. Hapo madaktari hufuata kinyama kinavyosema chini ya darubini na kuanza tiba. Kurudia picha bila mwisho humlia mgonjwa muda.