Kurudia madesa mara kumi hakuyafanyi yakae kichwani

Chuoni wengi wanaamini ukirudia madesa (notisi za masomo) mara kumi usiku wa kuamkia UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, yanakaa kichwani, lakini sio hivyo jamani. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke huko Marekani waliwapima wanachuo, baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, ila baada ya wiki 1 waliojijaribu bila kuangalia ndo waliwapita. Hapo programu ya kadi za maswali na majibu kama Anki inasaidia sana, inakuuliza, unajibu kwanza ndo unaona jibu, ulilokosa linarudi mapema, ulilojua linasogezwa siku kadhaa mbele, na kwenye Android ni bure, kadi zikishaingia hata bando huhitaji. Anza mapema kwenye semista ili usiku wa mtihani ulale, maana usingizi nao unasaidia ubongo kuhifadhi ulichosoma.