Viatu vya watoto ndani ya ngome ya Warumi

Kazi yangu ni kuhifadhi ngozi kuukuu, na katika fani yetu hakuna anayeweza kuzungumzia viatu bila kuitaja Vindolanda. Ni ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, karibu na Ukuta wa Hadrian, ngome ndefu ya mpakani ya dola yao. Ardhi yake imetoa viatu vya ngozi zaidi ya 5,000, na karibu vyote ni takataka za watu wa kawaida.

Vilisalimika kwa sababu askari walikuwa hawaachi kubomoa na kujenga. Kikosi kikihama, ngome ya mbao ilivunjwa. Wageni wakafunika mabaki kwa mfinyanzi na mabonge ya nyasi, wakajenga yao juu. Huko chini maji yakajaa, hewa ikakatika, na vijidudu vya kuozesha vikakosa oksijeni. Uzi wa kushonea, uliotokana na mimea, mara nyingi haukustahimili. Ndiyo maana soli hupatikana imeachana na sehemu ya juu, lakini tundu za sindano bado zinahesabika.

Kiatu cha namna hiyo kikitoka ardhini, kosa kubwa ni kukianika: kitasinyaa na kupasuka. Tunakiosha taratibu, tunakiloweka katika kemikali kama gliseroli au polyethilini glaikoli ili ishike nafasi ya maji, kisha tunakigandisha na kukikausha ndani ya mashine ya ombwe, yaani iliyotolewa hewa, barafu igeuke mvuke moja kwa moja. Hata hivyo hupungua kidogo, kwa hiyo anayekadiria ukubwa wa mguu lazima alikumbuke hilo.

Na ukubwa ndio uliozua mjadala. Kisheria askari wa kawaida hawakuruhusiwa kuoa hadi zama za Kaizari Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya 2, na wanahistoria wengi wakaichukulia ngome kuwa makao ya wanaume watupu. Mbona basi mabwenini mna viatu vya wanawake na watoto, vya miaka mingi kabla ya ruhusa hiyo? Elizabeth Greene wa Chuo Kikuu cha Western, Kanada, amelifuatilia swali hili kwa kina, na mimi naona ushahidi wa soli unaishinda sheria iliyoandikwa Roma. Nyumbani kwa kamanda Flavius Cerialis, mnamo mwaka 100 hivi, kulikuwa na kiatu cha mtoto mchanga kilichokatwa nakshi kama cha mtu mzima, chini kimepigwa misumari. Mtoto wa mkubwa, bila shaka! Kuna pia kandambili ya kike yenye mhuri wa fundi, Lucius Aebutius Thales. Wengi humpa Sulpicia Lepidina, mke wa Cerialis, kwa kuwa jina lake limo kwenye barua zilizofukuliwa hapohapo. Mimi nasita; nyumba ile haikuwa na mwanamke mmoja tu.

Viatu vya mbao vya hamamu navyo vipo, maana sakafu ilipashwa moto kwa chini. Aliyezoea mitawanda hahitaji maelezo.

Mwaka 2025, ngome jirani ya Magna ilitoa viatu vya zaidi ya sentimita 30. Picha zilienea kwa ajili ya ukubwa huo, ila kinachonishughulisha mimi ni vipimo vya unyevu vinavyochukuliwa kwenye udongo wa hapo: ukikauka, hewa huingia, na ngozi ambayo haijafukuliwa huanza kuoza.