Redio ndogo ya masafa mafupi kwa safari za kusikiliza nje ya mji

Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza redio hapa Arusha, wasikilizaji wa masafa mafupi huniuliza mara kwa mara ni redio gani ndogo ya kubeba begini wanapokwenda kusikiliza nje, iwe kando ya Ziwa Duluti au kwenye vilima vya Monduli. Wengi huanza kwa kuuliza ina bendi ngapi na inanasa mbali kiasi gani. Mimi hutaka kujua kwanza inatumia betri gani, na inakuwaje inapofungiwa waya mrefu.

Tunatoka mjini kwa sababu ya kelele. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu na inveta za sola hutoa mngurumo unaofunika vituo hafifu, kiasi kwamba katika nyumba nyingi za Sakina au Njiro hata redio ya gharama kubwa husikia chaja ya jirani kabla ya kusikia kituo cha ng'ambo. Ukifika mahali pasipo na nyaya za umeme mngurumo huo hutoweka, na redio yenye usikivu wa wastani inatosha kabisa. Kazi inayobaki ni kutenganisha vituo, kwani katika masafa mafupi vituo hupangwa kwa hatua za kilohezi 5 tu, na jua likishazama mita bendi (mafungu ya masafa yanayotajwa kwa urefu wa mawimbi yake) za 49, 41 na 31 hujaa kwa pamoja, kwa kuwa tabaka la chini la ionosfia (sehemu ya juu ya anga yenye chaji za umeme) linalonyonya mawimbi hayo mchana hufifia giza linapoingia.

Ndiyo maana simshauri mtu kununua redio ya mshale, ambayo mita bendi nzima imebanwa katika sentimita moja au mbili za kioo. Nyingi kati ya hizo hugeuza mawimbi yanayoingia mara moja tu, kuwa ya kilohezi 455, ili kuyashughulikia ndani, hivyo kituo chenye nguvu cha kilohezi 9,500 husikika tena kwenye 8,590, yaani 910 (455 mara mbili) chini yake, na msikilizaji akadhani amepata kituo kipya. Nilipokuwa kijana nilipoteza jioni mbili nikisubiri kituo cha namna hiyo kijitaje jina.

Redio ninayobeba sasa ni Tecsun PL-330. Inaingia mfuko wa koti, inaonyesha masafa kwa tarakimu, ina tundu la antena ya nje, na inapokea SSB (sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi), ambayo bila hiyo mazungumzo ya wapenda redio wanaowasiliana kwa mitambo yao kati ya kilohezi 7,000 na 7,200, au 14,000 na 14,350, husikika kama sauti ya bata. Lakini kilichonivutia zaidi ni betri yake, BL-5C, ileile ya simu nyingi za zamani za Nokia, ambayo mafundi simu wa mjini wanaijua vizuri. XHDATA D-808 nayo ni nzuri, na inasikia pia mazungumzo ya marubani, ila betri yake ya 18650 (ya lithiamu, yenye umbo la silinda) inahitaji kupangiwa mapema kabla ya safari. Kwa mtu anayelala porini siku kadhaa bila umeme, redio ya betri za AA, kama PL-380, ni chaguo la busara hata kama haina SSB, kwa kuwa betri hizo zinauzwa mpaka kwenye maduka ya vijijini. Ukichaji kwa pawabenki, ichomoe wakati wa kusikiliza, maana nayo hutoa kelele.

Waya wangu ni mwembamba, wa mita 7, ninaourusha juu ya tawi na kuubana kwenye antena ya kuvuta. Ukiurefusha mno, redio ndogo huzidiwa na vituo vikubwa vikaanza kusikika mahali visipokuwepo, na hapo swichi ya DX na LOCAL inayopunguza usikivu, kwa redio zilizo nayo, ndiyo inayookoa. Radi zikianza kusikika upande wa Meru, ushushe waya mara moja.

Siku ya kununua, nenda na waya huo, na umwombe muuzaji akuruhusu kutoka na redio hadi mahali pa wazi, mbali na taa za dukani. Nenda jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Ratiba nyingi za vituo huandikwa kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), hivyo kwa saa zetu za Kiswahili unatoa tatu, na jibu likizidi kumi na mbili unatoa kumi na mbili tena, yaani 18:00 ni saa tatu usiku na 15:00 ni saa kumi na mbili jioni. Tafuta vituo viwili vilivyopishana kilohezi 5, kimoja kikali na kingine hafifu, kisha punguza upana wa upokeaji, yaani kipande cha masafa ambacho redio inakisikia kwa wakati mmoja, hatua kwa hatua. Ikiwa maneno ya kile hafifu hayaeleweki hata kwenye upana mdogo kabisa, irudishe redio hiyo na uombe nyingine.