Je, wajua kwa nini ligamenti ya ndani ya goti, yaani ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa, ikikatika ni vigumu kujiunga?

Mfupa ukivunjika huunga. Hata ligamenti ya ubavuni mwa goti ikichanika, mara nyingi hupona bila kisu. Lakini ile ya katikati, inayozuia mfupa wa muundi usichomoke mbele na ambayo wapenzi wa soka huiita ACL, ikikatika kabisa ncha zake kwa kawaida hubaki zimeachana.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa kujiamini: haina damu. Kwa mcheza tenisi aliyeumia akiwa na miaka 48, niliongeza na umri kuwa sababu. Yote mawili nilikosea. Kijana wa miaka 19 hukumbwa na shida ileile. Na damu ipo: ligamenti hiyo ina mishipa yake, na ikikatika goti huvimba ndani ya saa chache. Uvimbe huo wa haraka aghalabu ni damu. Goti limejaa damu, nasi tunasema damu hakuna!

Kinachokosekana ni donge. Kwingine mwilini damu huganda kwenye jeraha, na donge hilo huwa kama jukwaa la mafundi: chembe za ukarabati hupanda juu yake na kufuma nyuzi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ligamenti ya ubavuni iko nje ya chumba cha goti, kwa hiyo donge lake hutulia. ACL imezungukwa na ute unaolainisha goti, na ute huo una vimeng'enya vinavyoyeyusha donge. Ni sawa na kujenga daraja mtoni wakati wa mafuriko: kila ukisimika miti ya kukanyagia, maji yanaizoa. Mafundi wapo, vifaa vipo, pa kusimama hapapo.

Ndiyo maana madaktari wengi hawashoni ncha hizo, bali hupandikiza kano iliyotolewa kwingine, mara nyingi nyuma ya paja. Martha Murray, daktari mpasuaji wa Boston, alifuata njia nyingine: sifongo ya kolajeni (protini ya nyuzi za mwili) iliyoloweshwa damu ya mgonjwa mwenyewe, ili donge lisizolewe. Marekani iliiruhusu mwaka 2020.

Hata hivyo, "haijiungi" si neno la kushika kama msahafu. Picha za MRI zimeonyesha nyuzi zikiungana tena kwa baadhi ya watu wasiopasuliwa. Na katika jaribio la Sweden lenye watu 121, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 na 2013, takriban nusu ya walioanza na mazoezi ya tiba walikuwa hawajapasuliwa hata baada ya miaka 5, na magoti yao hayakuwa mabaya kuliko ya waliopasuliwa mapema. Ila washiriki walikuwa wa miaka 18 hadi 35. Mcheza tenisi wetu wa miaka 48 hakuwamo. Kwake yeye, daktari kwa kawaida hutazama zaidi kama goti linamlegea anapogeuka ghafla, na kama yuko tayari kuacha kugeuka hivyo.