Mpigaji Anayeshinda Mechi: Takwimu Zinavyosomwa Kombo

Kikosi cha Cricket Cranes, timu ya taifa ya kriketi ya Uganda, kikitangazwa, ubishi wa mashabiki wa Kampala ni ule ule: nani anashinda mechi, na nani anajaza daftari tu? Kila mmoja ana namba zake, na nyingi husomwa kombo.

Dhana: Mwenye wastani mkubwa ndiye mshindi wa mechi.

Ukweli: Wastani wa kriketi hugawa mikimbio (alama anazopata mpigaji) kwa mara ambazo mpigaji alitolewa, si kwa mara alizoingia kupiga. Michael Bevan wa Australia alipata mikimbio 6,912 katika mechi za kimataifa za siku moja, kwa wastani wa 53.58. Lakini aliingia kupiga mara 196, na mara 67 kati ya hizo hakutolewa. Gawa kwa 196, unabaki na 35 na ushei. Hilo halimshushi Bevan: aliwekwa katikati ya safu ili aimalize mechi, na kubaki uwanjani ndiyo ilikuwa kazi yake. Ila yupo pia anayelinda wiketi yake, yaani asitolewe tu, huku wenzake wakilazimika kupiga ovyo na kutolewa. Wastani unawapa wote wawili sifa ile ile.

Dhana: Kwenye T20 (kriketi fupi ya ova 20 za mipira sita kwa kila timu), anayepiga polepole ni mzigo.

Ukweli: Inategemea siku. Hapa Uganda tuna mfano wetu, tena wa mtu mmoja. Novemba 2023, kwenye michuano ya kufuzu Kombe la Dunia nchini Namibia, Zimbabwe iliweka mikimbio 136. Riazat Ali Shah akapiga 42 kwa mipira 28, yaani kasi ya mikimbio 150 kwa kila mipira 100. Alpesh Ramjani akaongeza 40, na Uganda ikashinda kwa wiketi tano, yaani ikiwa bado na tano za kupoteza.

Juni 2024, Kombe la Dunia, uwanja wa Providence kule Guyana. Papua New Guinea wametolewa wote kwa 77, huku mzee wa timu, Frank Nsubuga, akiwa ametoa mikimbio 4 tu katika ova zake nne na kuchukua wiketi 2, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Lengo dogo, lakini Uganda inajikuta ina 26 na watano wameshatoka. Riazat huyo huyo anapiga 33 kwa mipira 56. Kasi yake haifiki 59! Mtu akiiona namba hiyo peke yake kwenye jedwali atauliza kwa nini hakuachwa benchi. Lakini 33 ni zaidi ya asilimia 40 ya mikimbio 78 iliyotupa ushindi wetu wa kwanza Kombe la Dunia, na yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mechi.

Kwa hiyo usimlinganishe mpigaji na wastani wa dunia. Mlinganishe kwanza na wenzake 21 wa siku ile, kwenye uwanja ule ule. Kama wengine wote walihangaika, 33 ni dhahabu. Kama kila mtu alikuwa anapiga sita (mikimbio sita kwa mpira mmoja), 33 kwa mipira 56 ni hasara tupu.

Dhana: Kupiga mikimbio mia timu ikashindwa ni kucheza kwa ajili ya rekodi.

Ukweli: Mwaka 2009 huko Hyderabad, India ikifukuza lengo la mikimbio 351 dhidi ya Australia, Sachin Tendulkar alipiga 175. India ilishindwa kwa mikimbio mitatu. Ukimwita mbinafsi, basi waliochangia zile 172 nyingine, zikiwemo za nyongeza (zisizotokana na kupiga), uwaiteje?

Dhana: Angalia wastani wa mpigaji katika mechi ambazo timu yake ilishinda tu.

Ukweli: Karibu kila mpigaji hupanda akihesabiwa hivyo, kwa sababu mikimbio yenyewe ndiyo inayoleta ushindi. Kipimo hiki pia humpendelea aliye kwenye timu yenye warushaji mipira wakali. Michuano ile ile ya Namibia, tulipokata tiketi kwa kuwatoa wapigaji wote wa Rwanda kwa mikimbio 65 na kushinda kwa wiketi tisa, aliyebaki bila kutolewa alinufaisha takwimu zake, lakini mechi ilikuwa imeshamalizwa na warushaji.

Ukikabidhiwa takwimu za mpigaji, basi, omba na kadi ya mechi. Tazama wiketi zilianguka lini, lengo lilikuwa ngapi, na ova ngapi zilibaki alipoingia.