Je, wajua? Kwa nini Hispania saa saba na nusu mchana bado ni asubuhi

Ukiingia duka la mikate mjini Madrid saa saba na nusu mchana, huenda muuzaji akakupokea kwa "buenos días", salamu ambayo vitabu vya kujifunzia Kihispania huiweka asubuhi. Hajakosea, na wala saa yake haijasimama.

Vitabu vya wanaoanza huigawa siku kwa saa: buenos días mpaka saa sita mchana, buenas tardes mpaka jioni, kisha buenas noches giza likiingia. Mgawo huo una ukweli wake. Meksiko, Kolombia na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, saa sita ikishapita watu hubadili salamu. Shida huanza pale mwanafunzi anapouchukua mgawo huo na kwenda nao Hispania akidhani ni sheria ya lugha yenyewe. Atasema buenas tardes saa sita na dakika kumi, naye ataeleweka vizuri tu, lakini wengi watamjibu buenos días.

Hispania mpaka wa salamu ni mlo wa mchana. Mlo huo, la comida, ndio mkubwa wa siku, na wengi huula kati ya saa nane na saa tisa na nusu. Ambaye hajala, kwake bado ni asubuhi. Wafanyakazi wawili wakikutana kwenye ngazi za ofisi saa nane na nusu, mmoja ametoka kula na mwingine ndiyo kwanza anakwenda, yule wa kwanza aweza kusema buenas tardes na wa pili akajibu buenos días, kila mmoja akiwa sahihi kwa tumbo lake. Taarifa ya habari ya mchana ya televisheni ya taifa, TVE, huanza saa tisa alasiri, na hapo mtangazaji husema buenas tardes bila wasiwasi. Hata hivyo hii ni desturi, haijaandikwa kama kanuni. Wapo wanaofuata saa ya ukutani na kubadili salamu saa sita kamili, hasa kwenye matangazo na huduma za simu.

Sasa, kwa nini mlo wenyewe uchelewe hivyo? Jibu linalosikika sana ni kwamba Wahispania ni watu wa kulala mchana na kukesha usiku. Jibu hilo linawaonea. Kabla ya kuwahukumu, litazame jua lao.

Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kila dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko magharibi ya mstari huo kwa digrii 5 na ushee, kwa hiyo jua hufika kati ya mbingu yake, kwa wastani, saa sita na dakika 23. Kigoma iko mbali zaidi upande wa magharibi, na huko jua hufika kati karibu saa saba na dakika 2. Watu wa miji hiyo miwili wanatazama saa ileile, lakini jua la Kigoma liko nyuma kwa kama dakika 40. Mtu wa Kigoma akila chakula cha mchana saa saba kamili, kwa jua amekula adhuhuri hasa.

Hispania ni Kigoma iliyozidishwa. Saa yake imepangwa kwa mstari wa digrii 15 mashariki, unaopita Görlitz, mpakani mwa Ujerumani na Poland, ilhali Madrid iko karibu digrii 4 magharibi ya Greenwich, kwenye mstari wa digrii sifuri huko Uingereza. Tofauti hiyo ni zaidi ya saa nzima. Kipupwe, jua la Madrid hufika kati mnamo saa saba na robo. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa husogezwa mbele tena, na hapo jua hufika kati saa nane na robo. Mwislamu wa Madrid analijua hili bila hesabu yoyote, maana mwezi wa Julai adhuhuri yake haiingii mpaka saa nane ipite. Vigo, pwani ya magharibi, huongeza dakika nyingine 20 juu ya hapo.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Kuanzia 1901 Hispania ilifuata saa ya Greenwich, na ramani inaonyesha ndiyo inayoifaa. Tarehe 16 Machi 1940, chini ya utawala wa dikteta Franco, saa tano usiku iligeuzwa kuwa saa sita, na haikurudishwa tena. Husemwa sana kwamba alifanya hivyo kumridhisha Hitler. Tusikimbilie hapo: amri yenyewe ilitaja haja ya kwenda sambamba na nchi nyingine za Ulaya, na majira hayo Uingereza na Ufaransa nazo zilikuwa zimekwisha kusogeza saa zao mbele.

Kwa hiyo familia ya Madrid inayoketi mezani saa nane na nusu mwezi wa Julai, kwa jua imeketi saa sita na robo. Hakuna aliyechelewa. Ushahidi mzuri uko kwenye mto Miño, unaotenganisha Tui ya Hispania na Valença ya Ureno. Ureno iko nyuma kwa saa moja, hivyo Mreno anayekula saa saba na Mhispania anayekula saa nane wameinua kijiko wakati mmoja. Lakini jua halielezi kila kitu. Kipupwe mlo huohuo wa saa nane na nusu huangukia saa saba na robo ya jua, na wapo wanaotaja miaka migumu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengi walipofanya kazi mbili kwa siku na kula katikati. Inaelekea sababu zote mbili zimechangia, ingawa kuzipima kila moja peke yake ni kazi ngumu.

Jioni nako ni hivyohivyo. Mwishoni mwa Juni jua la Madrid huzama karibu saa nne kasoro robo usiku, kwa hiyo saa mbili usiku watu bado husema buenas tardes, tena jua likiwachoma. Quito au Bogotá, ambako giza huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, buenas noches huanza mapema kama ambavyo Mswahili angetarajia. Nayo hutumika kumpokea mgeni anayebisha hodi usiku, sawa na kumuaga anayekwenda kulala.

Ukiwa Hispania na hujui aliye mbele yako amekula au la, sema "buenas" tu. Wenyewe husema hivyo kila siku, saa yoyote, ingawa mbele ya mkubwa au kwenye usaili wa kazi ni afadhali kuitamka salamu nzima.