Je, wajua dawa za miti za "kupandisha homoni" hupimwaje kwa wanyanyua vyuma?

Kwenye maduka ya viungo na dawa za asili pale Darajani, mjini Unguja, uwatu ni bidhaa ya kila siku. Mzazi hupikiwa ili maziwa yashuke, wengine huuroweka wakapaka nywele, na mpishi hutia chembe chache kwenye achari. Siku hizi kuna mteja mwengine: kijana mwenye kifua kipana, fulana imembana, ndiyo kwanza katoka jimu.

"Shikamoo ami. Uwatu wa kusaga upo?"

"Marahaba mwanangu. Upo. Wa mzazi au wa mazoezi?"

Gunia ni lile lile moja, lakini tusimseme muuzaji, biashara ni biashara. Kijana kasikia kwamba uwatu hupandisha testosteroni, homoni inayojenga misuli ya mwanamme, na mwenye pesa zaidi atanunua chupa ya vidonge kutoka nje: mbigili (ule mmea wa miiba unaotambaa chini, Tribulus terrestris), ashwagandha ya India, tongkat ali ya Malaysia. Je, kuna ukweli wowote? Na anayetaka kujua anapimaje?

Dai lenyewe halikuzuka hewani. Mbegu ya uwatu ina kemikali iitwayo diosjenini, na diosjenini kweli ni malighafi ya kutengenezea homoni. Miaka ya 1940 mkemia wa Kimarekani, Russell Marker, alivumbua njia ya kuigeuza diosjenini ya viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko kuwa homoni ya projesteroni, na mwaka 1944 akawa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Syntex mjini Mexico City. Homoni zilizokuwa ghali kupindukia zikaanza kushuka bei, testosteroni ikiwemo. Kwa hiyo anayesema uwatu una "mama yake homoni" hasemi uongo.

Tatizo ni kwamba ugeuzaji ule ulifanyika kiwandani, kwa asidi, joto na hatua kadhaa za kemia. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuifanya kazi hiyo. Mtu wa Pemba hahitaji maelezo marefu hapa: makonyo ya karafuu yana mafuta, lakini mafuta hutoka kwenye mitambo ya kiwanda cha Wawi, ukiyatafuna makonyo kutwa nzima hutojaza hata kichupa.

Halafu mwili wenyewe una ulinzi. Ubongo hupima testosteroni iliyomo kwenye damu, na ikizidi, tezi ya pituitari hupunguza amri inayopeleka kwenye korodani. Ndiyo maana wanaojichoma sindano za steroidi (testosteroni ya kiwandani na jamaa zake) korodani zao husinyaa. Watetezi wa mitishamba wana hoja nyengine, na si ya kijinga: huenda mmea hauleti homoni, bali unaichochea ile amri, au unazuia homoni isigeuzwe kuwa kitu kingine. Hoja hiyo haijibiwi kwa kubishana barazani. Inapimwa.

Kupima kwenyewe ni hivi. Unachukua watu wanaofanya mazoezi ya aina moja, unawagawa kwa bahati nasibu. Nusu wanapewa dawa, nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo, na wala anayegawa hajui nani kapata nini. Unapima uzito wanaoweza kuunyanyua mara moja tu kwa nguvu zao zote, unapima nyama na mafuta ya mwili, na unatoa damu. Damu nayo ina adabu zake: itolewe baina ya saa moja na saa nne asubuhi, maana testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Ukimpima mtu jioni kabla ya dawa, kisha asubuhi baada ya dawa, homoni "itapanda" hata kama kala maandazi matupu.

Mbigili umepimwa hivyo, na haukupita. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wachezaji 22 wa raga ya ligi huko Australia, wa kiwango cha juu, waliopewa miligramu 450 kwa siku au kidonge kitupu kwa wiki tano za mazoezi mazito. Makundi yote mawili yaliongeza nguvu. Tofauti baina yao haikuonekana, si kwenye nguvu, si kwenye nyama, si kwenye homoni za mkojo. Chupa bado zinauzwa.

Uwatu una hadithi ndefu zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapa wanaume 49 waliozoea vyuma miligramu 500 za dondoo ya uwatu au kidonge kitupu, kwa wiki nane, mazoezi siku nne kwa wiki. Wa uwatu waliwashinda wenzao kwenye kusukuma chuma wakiwa wamelala benchini na kwenye mashine ya miguu, na mafuta ya mwili yalipungua zaidi. Hapo ndipo wauzaji wa chupa huacha kusoma. Damu ilipopimwa, homoni za makundi mawili hazikutofautiana. Yaani hata kama nguvu ziliongezeka kweli, hazikupitia njia inayotangazwa kwenye lebo. Tafiti nyengine baadaye zimeona testosteroni ikipanda kidogo, nyengine hazikuona, na nyingi ni ndogo, zenye watu wachache na muda mfupi.

Kuna jambo moja kuhusu uwatu ambalo kila aliyeishi na mzazi ndani ya nyumba analijua: harufu. Anayekula uwatu mwingi, jasho na mkojo wake hunukia kama sukari iliyoungua. Inasababishwa na kemikali moja iitwayo sotoloni, inayopita mwilini bila kubadilika sana. Sasa fikiria jaribio ambalo watu hawatakiwi kujua nani kapata dawa, na baada ya wiki moja mmoja ananusa fulana yake. Anajua. Akishajua kwamba yeye ndiye mwenye dawa, siku ile anaongeza kilo mbili na nusu kila upande bila kuombwa. Hii ni moja ya sababu zangu za kuuangalia uwatu kwa jicho la pembeni, hata matokeo yakiwa mazuri.

Ashwagandha ndiyo inayotoa tarakimu za kuvutia kuliko zote. Kwenye utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2015, wanaume 57 ambao hawakuwa wazoefu wa vyuma walifanya mazoezi kwa wiki nane. Waliomeza ashwagandha, miligramu 300 mara mbili kwa siku, waliongeza kilo 46 kwenye benchi. Testosteroni yao ilipanda kwa nanogramu 96 kwa desilita. Watu huishia hapo, wakaagiza. Mimi naomba utazame kundi la pili: waliomeza vidonge vitupu waliongeza kilo 26. Kilo ishirini na sita, kwa hewa! Mwanafunzi wa vyuma hupanda haraka mno miezi ya mwanzo, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli, na lolote alilokuwa akinywa wakati huo ndilo litakalopewa sifa, liwe ashwagandha, supu ya pweza au chai ya tangawizi.

Na zile nanogramu 96? Mwanamme mzima mwenye afya huwa na baina ya 300 na 1,000, na tofauti ya asubuhi na jioni peke yake yaweza kufika kiasi hicho kwa kijana. Linganisha na testosteroni yenyewe. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani waliwachoma wanaume miligramu 600 kila wiki, kwa wiki kumi, mpaka kiwango cha damu kikavuka 2,800. Waliofanya mazoezi pamoja na sindano waliongeza kilo 6 za mwili usio mafuta. Waliochomwa wakakaa bila mazoezi waliongeza kilo 3, na waliofanya mazoezi bila homoni kama kilo 2. Hivyo ndivyo homoni inavyoonekana inapofanya kazi, na ni dozi ambayo daktari hampi mtu mzima wa afya, kwa sababu ya moyo, damu kuwa nzito, na uzazi kukatika.

Kwa hiyo ukipewa unga "wa miti mitupu" na ndani ya wiki tatu ukabadilika hata jamaa wakakushangaa, hapo ndipo pa kuogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Kwenye 94 mlikuwa na steroidi ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Mamlaka ya dawa ya Marekani nayo, baina ya 2007 na 2016, iliorodhesha virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa za siri. Vingi vilikuwa vya nguvu za kiume na vya kupunguza uzito, na vile vya misuli karibu vyote vilikuwa na steroidi.

Mnyanyua vyuma anayekwenda mashindano hatosalimika kwa kusema hakujua. Kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni humbebesha mchezaji dhamana ya chochote kinachokutwa mwilini mwake. Na maabara wana njia ya ajabu kidogo: testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na kaboni yake ni nyepesi kidogo kuliko ya testosteroni iliyotengenezwa na mwili unaokula kila kitu. Mizani ya maabara huiona tofauti hiyo.

Kama bado unataka kujaribu uwatu kwenye jimu yako ya Michenzani au Chake, unga ukiwa wa mbegu ulizosagisha mwenyewe, na hutumii dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda (maana uwatu hushusha sukari), basi jaribu kwa adabu. Uwe umeshapiga vyuma mwaka mzima. Mpe mwenzako ajaze vidonge vya gamba, mfuko mmoja uwatu, mwengine unga wa mchele, asikwambie upi ni upi. Wiki nane mfuko wa kwanza, mwezi wa kupumzika, wiki nane wa pili. Chakula kile kile, ratiba ile ile, na kila uzito uandikwe daftarini siku hiyo hiyo. Usianze karibu na Ramadhani. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2011 uliwalaza vijana kumi saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Baina ya tarawehe, barazani na daku, wengi wetu hatufikishi hata hizo tano. Anza Mfunguo Pili, usingizi ukisharudi mahali pake.